Mwalimu wa mazoezi na darasa la kwanza la Mwakitolyo

Leo ninapenda tuzungumze juu ya mtu ambaye familia nyingi humpokea bila kumtambua, humkabidhi kilicho ghali kuliko vyote walivyo navyo, kisha humsahau siku aondokapo. Mtu huyo ni mwanachuo wa ualimu aliyetumwa shuleni kufanya mazoezi ya kufundisha. Vyuoni kazi hiyo huitwa BTP. Watoto humwita mwalimu mgeni. Wazazi aghalabu husema, "Huyo ni mwanafunzi tu," na neno hilo "tu" ndilo linalonifanya niandike.

Nimeichagua Mwakitolyo iwe mfano wetu kwa sababu mambo ambayo mahali pengine hujificha, pale huonekana waziwazi. Mwakitolyo ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, katika ukanda wa dhahabu unaotokea huko na kupita Kahama hadi Geita. (Msomaji wa pwani asishangazwe na wingi wa majina yanayoanza na Mwa- katika nchi ile, kama Mwadui na Mwanhuzi, mwenyeji akitamka kwa Kisukuma utamsikia akisema Ng'wa-.) Kwa miaka mingi Shinyanga ilijulikana kwa ng'ombe, kwa pamba, na kwa almasi ya Mwadui iliyogunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Dhahabu ya wachimbaji wadogo imeleta maisha ya namna nyingine. Habari ya rashi husafiri upesi kuliko basi. Mahali palipokuwa na mihogo na mtama huota vibanda, maduara, makarasha na mama lishe, na pamoja na watu wazima huja watoto, kwa maana mtu hahamii machimboni akawaacha wanawe wadogo bila mlezi.

Matokeo yake huonekana kwanza katika daftari la mahudhurio la darasa la kwanza. Katika shule ya kijiji cha wakulima, majina yaliyoandikwa Januari ndiyo yatakayosomwa Desemba, ukiacha machache. Katika shule ya machimbo, mtoto huandikishwa katikati ya muhula akitokea Geita au Tabora, na huenda asionekane tena baada ya miezi mitatu kwa kuwa baba amesikia habari ya mgodi mwingine. Mwanachuo aliyefundishwa chuoni kutengeneza azimio la kazi la mwaka mzima hukuta kwamba wiki ya tano ina watoto ambao hawakuwapo wiki ya kwanza. Kiwango cha Serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi, na 25 katika darasa la awali. Kila aliyewahi kuchungulia dirisha la darasa la kwanza katika ukanda ule anajua jinsi kiwango hicho kilivyo mbali na hali halisi.

Lakini wingi wa watoto si jambo gumu kuliko yote. Jambo gumu zaidi ni lugha, na hapo ninaomba msomaji anivumilie, kwani ndipo penye kiini cha maneno yangu.

Qur'ani Tukufu, katika Suratu Ibrahim aya ya 4, inatufahamisha kwamba Mwenyezi Mungu hakumtuma Mtume yeyote ila kwa lugha ya watu wake, ili apate kuwabainishia. Ukiizingatia aya hiyo kwa jicho la mwalimu utaona kwamba kubainisha hakuwezekani iwapo lugha ya msemaji haifiki kwa msikilizaji. Katika shule za msingi za Serikali, lugha ya kufundishia ni Kiswahili. Lakini mtoto wa miaka sita au saba anayetoka katika kaya ya Kisukuma huenda amekisikia Kiswahili redioni na dukani tu. Nyumbani maji ni minzi, nyumba ni numba, mbuzi ni mbuli. Maneno hayo ni ndugu wa karibu wa maneno yetu ya Kiswahili, na udugu huo ni neema kwa mwalimu anayeujua. Kwa mwalimu asiyeujua ni chanzo cha kudhani kwamba mtoto ni mzito wa akili.

Tumchukulie mwanachuo aliyezaliwa Tanga au Lindi, akasomea ualimu Shinyanga au Butimba, akapangiwa darasa la kwanza. Anaandika ubaoni neno kalamu. Watoto wanasoma pamoja naye. Kisha anaandika karamu, na watoto wanasoma vilevile kama mwanzo. Anarudia, anapaza sauti, anaanza kuchukia. Hajui kwamba mdomo wa mtoto wa Kisukuma haukulelewa na sauti ya r. Kwake l na r ni sauti moja iliyovaa kanzu mbili. Mtoto yule hajakosea kusoma. Amesoma barabara kwa masikio aliyopewa na mama yake. Kinachotakiwa ni kumfundisha kusikia tofauti kabla ya kumdai aiandike, na hilo huchukua siku kadhaa za nyimbo, michezo na kutazamana midomo, wala si dakika tano za kipindi.

Tena kuna suala la irabu. Kiswahili kina irabu tano, na kila mwalimu wa darasa la kwanza huanza nazo: a, e, i, o, u. Kisukuma kina saba. Mtoto anaijia shule akiwa na sauti mbili zaidi ya herufi anazopewa, na anapaswa kuamua mwenyewe, bila mtu kumweleza, sauti zake azipeleke katika herufi ipi. Ndipo utaona i iliyoandikwa mahali pa e, na o mahali pa u, na kalamu nyekundu ikapita juu ya ukurasa mzima.

Na watoto wa familia zetu wana mzigo wa tatu. Wakitoka shuleni adhuhuri, jioni wanakwenda madrasa, na huko maandishi yanatoka kulia kwenda kushoto, na irabu fupi ni tatu: fataha, kasra na dhuma. Kwa hiyo mtoto wa Kiislamu wa Kisukuma, kabla hajatimiza miaka minane, huishi katika hesabu tatu za irabu: saba nyumbani, tano shuleni, tatu chuoni. Wako wazee wanaoona kwamba mambo hayo yanamchanganya, wakamtoa madrasa mpaka ajue kusoma Kiswahili. Mimi naona kinyume. Mtoto aliyekwisha kuimba ba fataha ba, ba kasra bi, ba dhuma bu amekwisha kuielewa siri kubwa ya kusoma, nayo ni kwamba konsonanti na irabu zikikutana huzaa silabi. Mwalimu wa shule akimwonyesha kwamba ba, be, bi, bo, bu ni jambo lile lile lenye irabu mbili zaidi, ataona mtoto anatabasamu. Tatizo ni kwamba mwanachuo hajui mtoto anajua nini, na ustadhi na mwalimu wa darasa la kwanza, wanaofundisha kichwa kimoja, mara nyingi hawajawahi kusalimiana.

Si kwamba Serikali haikuliona tatizo. Tathmini za Uwezo zilizoanza mwaka 2010 ziliwashitua wengi zilipoonyesha kwamba takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ikaweka mwaka mmoja wa lazima wa elimu ya awali. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukapunguzwa mzigo na kuelekezwa katika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Na kupitia mradi wa EQUIP-Tanzania ulioanza mwaka 2014, Shinyanga ikiwa miongoni mwa mikoa yake, watoto ambao hawakupata elimu ya awali walikusanywa kwa wiki chache kabla ya darasa la kwanza, wakasimuliwa hadithi na kuchezeshwa kwa Kiswahili na wasaidizi waliotoka katika vijiji vyao wenyewe. Mradi ule ulikwisha mwaka 2020. Naona lilikuwa wazo jema kuliko mengi, maana lilitambua kwamba mtu wa kumvusha mtoto kutoka lugha moja hadi nyingine ni yule anayesimama kwenye kingo zote mbili za mto.

Hapa baadhi ya wazazi watauliza: kwa nini basi watoto wetu wadogo wawe mahali pa kujifunzia ualimu? Si wapewe waliokwisha kubobea? Swali hilo lina haki, lakini historia ya nchi yetu haitupi ruhusa ya kumdharau anayejifunza. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, Taifa lilipoamua kila mtoto aende shule, walimu hawakuwapo. Makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba waliingizwa madarasani kuanzia mwaka 1976, wakifundisha asubuhi na kujifunza ualimu jioni kwa redio, kwa barua na kwa walimu waliowatembelea. Watu wakawatania kuwa UPE ni Ualimu Pasipo Elimu. Ila wengi wetu tunaosoma gazeti hili leo, au wazazi wetu, tulishikishwa kalamu na hao hao. Ada ilipofutwa na mpango wa MMEM ukaanza mwaka 2002, idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka milioni 4.8 hivi mwaka 2001 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005, na mwanachuo wa Daraja la A akakaa mwaka mmoja chuoni na mwaka wa pili shuleni akifanya kazi. Utaratibu huo baadaye uliachwa. Na mwaka 2016, michango ilipoondolewa kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, madarasa yakafurika tena. Kila mara anayejifunza ndiye aliyesimama penye pengo.

Kwa hiyo neno si kama mwanachuo awepo au asiwepo. Neno ni kama wiki zake zinakuwa za mtoto au za cheti chake. Nitasema wazi ninavyoona. Utaratibu wetu wa mazoezi humtazama sana mwalimu na kumtazama kidogo mtoto. Mkufunzi akija kumkagua, huangalia andalio la somo, zana za kufundishia, mwandiko wa ubaoni, sauti, mavazi, na jinsi alivyogawa dakika. Yote hayo yana maana. Lakini kila aliyepita njia hiyo anajua habari ya "somo la mkufunzi": somo lililofundishwa Jumatatu, likarudiwa Jumanne, ili Jumatano gari la chuo litakapofika mikono yote iinuliwe na majibu yote yawe sahihi. Watoto werevu huketishwa mbele. Yule aliyefika juzi kutoka Geita huketi nyuma kabisa, karibu na mlango. Mwanachuo hupata alama nzuri, na wala hakuna aliyesema uongo kwa ulimi.

Ukimuuliza mwanachuo darasa analolitaka, wengi watataka la tano au la sita, ambako watoto wanaelewa ukisema. Darasa la kwanza huonekana kama adhabu, ilhali ndilo linaloonyesha kama mtu ni mwalimu. Anayefundisha la sita anaweza kujificha nyuma ya kitabu. Wa darasa la kwanza hana pa kujificha. Visoda, vijiti na punje za mahindi ndiyo maktaba yake ya hesabu. Na watoto wa machimbo wana hesabu yao waliyokuja nayo: anayetumwa kuuza karanga au maji pale mwaloni hurudisha chenji bila kukosea, kisha darasani akashindwa kuandika 7 kujumlisha 5. Mwalimu aliye macho huanzia kwenye karanga.

Nimetaja mwalo, na haifai kuupita kwa haraka. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, inakataza mtoto kufanya kazi za hatari, na machimbo yametajwa humo. Hata hivyo shirika la Human Rights Watch, katika ripoti yake ya mwaka 2013 iliyotokana na kutembelea machimbo 11 ya Geita, Shinyanga na Mbeya, lilikuta watoto, wengine wa umri wa miaka minane, wakichimba, wakiponda mawe na kushika zebaki. Msomaji asiyeyajua machimbo aelewe kazi yenyewe: mawe husagwa yakawa unga, unga huoshwa, zebaki hutiwa ikaokota chembe za dhahabu, na donge lile huchomwa motoni ili zebaki iondoke kwa mvuke. Mvuke huo hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto ambaye mwili wake ungali ukikua hudhurika zaidi kuliko mtu mzima. Wapo wanaochomea donge hilo uani, karibu na jiko la chakula.

Sasa mwanachuo wetu anamwona mtoto amesinzia saa nne asubuhi. Mwingine mkono unamtetemeka akishika penseli. Wa tatu hakuja siku tatu. Katika daftari, wote watatu wanaweza kuandikwa wavivu na mtoro, na mkononi kuna fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 ziko wazi: viboko visizidi vinne, na mwenye mamlaka ni mwalimu mkuu au yule aliyemruhusu kwa maandishi. Mwanachuo hamo katika kifungu hicho mpaka aandikiwe. Na tunakumbuka Oktoba 2016, video iliposambaa ikiwaonyesha walimu wa mazoezi wakimshambulia mwanafunzi katika Shule ya Sekondari ya Kutwa ya Mbeya. Wahusika waliondolewa vyuoni. Hao hawakufundishwa chuoni kupiga mateke. Waliingia katika ofisi ya walimu wakakuta heshima inapimwa kwa hofu, wakataka kuonekana walimu kamili kwa njia ya mkato.

Wanavyuoni wetu waliliona hilo zamani sana. Ibn Sahnun wa Qayrawan, aliyefariki mwaka 256 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya adabu za walimu wa watoto; humo aliweka mpaka wa viboko vitatu, akamkataza mwalimu kupiga kwa hasira, akahimiza usawa baina ya mtoto wa tajiri na wa maskini. Ibn Khaldun naye alieleza kwamba ukali humfundisha mtoto mdogo uongo na hila, kwa kuwa anajifunza kuficha kilichomo moyoni ili asalimike. Na katika Sahih Muslim imepokewa habari ya Muawiya bin al-Hakam (Radhi za Allah ziwe juu yake), aliyezungumza ndani ya swala kwa kutojua. Watu wakamkodolea macho, lakini Mtume (Rehema na amani zimshukie) alipomaliza kuswali hakumkaripia, hakumpiga wala hakumtukana, bali alimweleza tu. Muawiya akashuhudia kwamba hajapata kuona mwalimu bora kuliko yeye. Mgeni wa swala na mgeni wa herufi hali yao ni moja.

Tugeuke upande wetu sisi wazazi. Mwanachuo, hasa wa kike, anapofika katika kijiji cha machimbo, jambo la kwanza linalomtesa ni mahali pa kulala. Vyumba hupangishwa kwa bei ya wenye dhahabu, nyumba za walimu hazitoshi, na usiku wa machimbo una kelele na walevi. Binti wa miaka ishirini na mbili aliyekesha akisikiliza mlango wake, asubuhi atafundisha nini? Familia yenye chumba cha ziada na mama mwenye heshima ndani yake inaweza kumstiri kwa wiki hizo, naye atasalimiana na watoto jioni, atasikia Kisukuma chao, atajifunza kuitika mwangaluka asubuhi, na atayajua majina ya wazazi kabla ya kuyaandika daftarini. Hilo halihitaji kikao cha kata. Imamu akilitaja baada ya swala, au mwalimu mkuu akiuliza, huwa limekwisha. Na wala tusimbague kwa dini yake. Anayemfundisha mtoto wetu kusoma ana haki ya mgeni na haki ya mwalimu kwa pamoja.

Vilevile mzazi ana haki ya kuingia darasani. Wazazi wengi wa machimboni hawakusoma, au waliacha shule mapema, na huona haya kusimama mlangoni mwa darasa. Mama anayeosha marudio tangu alfajiri anaweza kwenda saa nne, dakika kumi tu, amwambie mwalimu mgeni: "Mwanangu huyu anaongea Kisukuma tu, na kaka yake alifariki duarani mwaka jana, ndiyo maana ananyamaza." Hakuna andalio la somo litakalompa mwanachuo habari hiyo.

Limebaki jambo la siku ya kuondoka. Kwa kawaida huwa kuna soda, picha, hotuba fupi ya mwalimu mkuu, na watoto wengine hulia. Mwanachuo hurudi chuoni na faili lake lenye maandalio yote, yaliyopigwa mihuri. Darasani hakibaki kitu. Mwalimu wa darasa, ambaye kwa wiki hizo alipumua kidogo au alipewa madarasa mengine, huanza upya kwa kukisia nani anajua nini. Rai yangu ni ndogo sana, nayo ni daftari moja la kurasa arobaini na nane. Kila mtoto apewe mistari michache: silabi anazozisoma bila msaada, zile anazokwama, lugha ya nyumbani, kama anahudhuria madrasa, siku alizokosa na sababu aliyoitoa mwenyewe. Kamati ya shule imwombe mwanachuo daftari hilo tangu wiki anayofika, limwendee mwalimu wa darasa siku anayoondoka, na mkufunzi alitie alama kama anavyotia alama zana na mwandiko. Mtoto akihamishiwa Kahama au Geita katikati ya muhula, ukurasa wake unakiliwa na kutiwa katika barua ya uhamisho, ili mwalimu atakayempokea asianze tena na a, e, i, o, u kwa mtoto ambaye amebakiza r peke yake.